Barua ya wazi kwa Wakuu wa Nchi za Afrika Mashariki: mchezo wa ziwa la mama

Waheshimiwa Marais,

Kabla ya Ikulu mlikuwa watoto, kwa hiyo mchezo huu mnaujua. Wavulana wawili wamekorofishana njiani wakitoka shule, lakini kila mmoja anaogopa kurusha ngumi ya kwanza. Anajitokeza wa tatu, anakusanya mchanga mafungu mawili: "Hili ziwa la mama yako, hili ziwa la mama yake. Haya, tuone nani dume." Mmoja ananyoosha mguu, analigusa la mwenzake kwa kidole gumba. Anamtazama usoni. Hajapigwa. Analibomoa kidogo pembeni, anatazama tena. Mara ya tatu ni teke, na vumbi linatimka. Yule aliyekusanya mchanga huwa hapigwi.

Mimi ni mwanamke wa Kigoma, nina kibanda cha vitenge na mawese Soko la Mwanga. Unga na chumvi ya Uvinza navipeleka Uvira, Kongo, kwa boti kutoka Kibirizi. Vitenge na mawese vinarudi na boti hiyohiyo. Sina shahada ya mambo ya nje. Ila tangu Novemba 2021, waasi wa M23 wa mashariki mwa Kongo waliporudi vitani baada ya kupigwa na kutawanyika mwaka 2013, nimejifunza kuwasoma ninyi kama ninavyolisoma ziwa kabla mzigo haujapakiwa. Naangalia nani kaguswa, kisha naangalia kajibu nini. Mara nyingi mno nimeona hakuna aliyejibu, na boti zikaondoka Kibirizi nusu tupu.

Nianze na ile ndege. Tarehe 7 Novemba 2022 ndege ya kivita ya Kongo, Sukhoi-25, ilitua kidogo tu kwenye uwanja wa Rubavu, upande wa Rwanda, kisha ikapaa. Kinshasa ikasema ilikosea njia. Kigali ikalalamika. Desemba 28 ikaonekana tena katika anga ya Rwanda juu ya Ziwa Kivu, Kigali ikalalamika tena. Tarehe 24 Januari 2023 haikulalamika: kombora lilifyatuliwa, likaipata ndege ikiwa angani, na rubani akajikongoja nayo hadi Goma huku inawaka. Watu waliirekodi kwa simu. Kinshasa ikakiita kitendo kile uchokozi wa vita, na vita haikutangazwa. Kila upande ukaenda zake na alichojifunza: mmoja amejua ataruhusiwa kufyatua, mwingine amejua maneno yake yanaweza kupita bila kudaiwa.

Na maneno hayo yakaendelea kutolewa. Desemba 2023, kampeni za uchaguzi zikiisha, Mheshimiwa Tshisekedi wa Kongo aliwaambia wapiga kura kwamba chokochoko ndogo tu ikitokea ataliita Bunge limruhusu kuipiga Rwanda. Mimi nilikuwa na mizigo miwili njiani siku hiyo, nikaogopa. Siku hizi siogopi tena nikisikia kiongozi anatishia. Naogopa zaidi nikikumbuka kwamba jirani yake naye ameacha kuogopa.

Upande wa pili, wa M23, walicheza kwa utulivu zaidi, na kwa kweli kwa ustadi. Bunagana ilianguka tarehe 13 Juni 2022. Ni mji mdogo wa mpakani, nani angeenda vitani kwa ajili ya Bunagana? Mkalaani. Oktoba ikawa Rutshuru na Kiwanja. Mkalaani, na mkapeleka jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Desemba 23 mwaka huohuo Kibumba ikakabidhiwa kwa jeshi hilo mbele ya kamera, na wengi wetu tukapiga makofi. Mwaka haukuisha Kinshasa ikakataa kuliongezea muda, likafunga mizigo Desemba 2023, na sehemu zilizokabidhiwa zikarudi kwa waliozikabidhi. Aprili 2024 ikawa zamu ya Rubaya, kule madini ya coltan yanakochimbwa. Januari 21, 2025, Minova. Siku mbili baadaye Sake. Tarehe 27, Goma.

Kila hatua ilipimwa iwe ndogo kidogo kuliko hasira yenu. Mngekurupuka kwa Goma mwaka 2022, hakika. Mliandaliwa miaka miwili na nusu, mji baada ya mji, hadi Goma yenyewe ikaonekana kama hatua inayofuata tu.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika katikati ya 2024 kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa ndani ya Kongo. Rwanda inakana kuwaongoza M23 na inasema imeweka hatua za kujilinda dhidi ya FDLR, kundi lililozaliwa na wale walioua mwaka 1994. Mheshimiwa Kagame, hofu hiyo sitaidharau. Hapa Kigoma tunajua maana ya mauaji yale kwa sababu tulipokea watu. Na wataalamu haohao wameandika pia kwamba jeshi la Kongo limekuwa likishirikiana na FDLR, jambo ambalo Kinshasa ikilielezea huwa inameza mate kwanza. Lakini kutoka mpakani hadi Bukavu, hadi Walikale, hadi Uvira kwenye ncha ya ziwa letu, kujilinda kumetembea mbali sana.

Ya Goma mwaka 2025 tuliyaona. Umoja wa Mataifa ulizungumzia maiti karibu 3,000 Goma katika siku zile chache. Makombora yalivuka mpaka na kuua watu Rubavu pia, ambao hawatajwi sana. Askari 14 wa Afrika Kusini walikufa, wa Malawi watatu, wa kwetu wawili. Mheshimiwa Ramaphosa na Mheshimiwa Kagame wakajibizana mtandaoni, na Kigali ikasema iko tayari kama Pretoria inataka makabiliano. Tulidhani hapo ndipo pa teke. Hapakuwa. Machi SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikaamua kuondoa jeshi lake, na kuanzia mwisho wa Aprili magari ya wale waliokwenda kuwazuia M23 yalirudi kwa barabara kupitia ndani ya Rwanda, yakaingia Tanzania mpaka Chato. Sijui askari walizungumza nini humo njiani. Ningependa kujua.

Mama Samia uliwakaribisha Dar es Salaam Februari 8, Jumuiya yenu ya EAC na SADC kwenye meza moja, jambo ambalo halikuwahi kufanyika. Mheshimiwa Kagame alifika, Mheshimiwa Tshisekedi alizungumza kwa video. Mkaagiza wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano na mapigano yasimame bila masharti. Siku nane baada ya kikao, Bukavu ikaanguka. Siku nane! Hata mkopo wa kikoba hatuufuti kwa haraka hiyo.

Baada ya hapo meza ikahamia Doha, kisha Washington. Juni 27 mawaziri wakasaini, Desemba 4 marais wenyewe wakasaini mbele ya Trump, na tarehe 10 Desemba M23 wakaingia Uvira. Mwenzangu wa biashara kule alinitumia sauti asubuhi moja, sauti fupi: "Batu banakimbia, dada. Miye niko bado." Halafu simu ikazimwa siku kadhaa. Makumi ya maelfu walivukia Burundi. Washington ilipokasirika, M23 wakatangaza watauacha mji.

Nataka mlitazame jambo hilo kwa makini kabla hamjaendelea. Mtu aliyeingia Uvira aliambiwa na mkubwa wa mbali "rudi", akasema anarudi. Maana yake kikomo kipo. Kilikuwepo siku zote. Isipokuwa hakikuwa kwenu, nyie majirani mnaolala usiku mkisikia mizinga. Kilikuwa ng'ambo ya bahari kubwa, kwa watu wanaoutaka mwamba wa Rubaya na kuupigia hesabu. Nani sasa ndiye aliyekusanya mchanga?

Haya si mageni kwetu. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia Kongo pamoja kama ndugu, yaligombana kuhusu nani mkubwa. Walikuwa wameshaguswana Kisangani mwaka mmoja kabla, Agosti 1999, wakatenganishwa, wakarudi kutazamana. Kuanzia Juni 5 hadi 10 wakapigana katikati ya mji usiokuwa wa Kampala wala wa Kigali, mamia ya kilomita kutoka kwao. Raia waliokufa ni mamia, makombora ni maelfu. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita ile nzima. Rwanda haikuhukumiwa, kwa sababu mahakama hiyo ilishasema mwaka 2006 kwamba haina mamlaka ya kuisikiliza kesi dhidi yake. Maiti za mtaa mmoja, makombora ya pande mbili, hukumu ya upande mmoja. Mheshimiwa Museveni, leo jeshi lako liko Ituri na Kivu Kaskazini tangu Novemba 2021 kuwasaka waasi wa ADF, na Februari 2025 likaingia Bunia. Wazee wa Kisangani hawahitaji kuelezwa kwa nini hilo linawanyima usingizi.

Wala nisijifanye mtu wa nchi iliyonawa mikono. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda kupigana wakitokea ardhi yetu ya Tanzania. Amin akajibu kwa mabomu Bukoba na Mwanza. Oktoba mkataba ukasainiwa Mogadishu, kila jeshi lirudi nyuma kilomita kumi kutoka mpakani, na watu wakasema yameisha. Hayakuisha, yaliwekwa kiporo. Miaka sita baadaye Amin akaichukua Kagera mpaka mtoni na daraja la Kyaka likalipuliwa, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukashindwa hata kumtaja kwa jina kama mvamizi. Mwalimu aliumizwa na kimya kile. Aprili 1979 tukawa Kampala. Marehemu mama yangu hakuikumbuka vita ile kwa mizinga. Aliikumbuka kwa sabuni: miaka iliyofuata tulipanga foleni ya kipande cha sabuni na kilo ya sukari, na alikuwa akisema nusu ya vita hupiganwa dukani.

Naomba basi, na sitaomba makubwa.

Jumuiya yenu ina Mkataba. Ibara ya 6 inataja ujirani mwema na kumaliza migogoro kwa amani kama misingi yake. Ibara ya 146 inawapa ninyi uwezo wa kumsimamisha mwanachama anayeivunja misingi hiyo. Kila nikiuliza kwa nini haitumiki, naambiwa na wajuaji kwamba EAC huamua kwa kauli moja, na mtuhumiwa hawezi kukubali kujifunga. Nilikaa nikatafuta Mkataba nikausoma, mwuza vitenge mzima, na Ibara ya 148 inasema maoni ya nchi inayojadiliwa kusimamishwa hayahesabiwi. Mlango huo mliutengeneza wenyewe. Sisemi mumfukuze mtu kesho. Nasema liwekwe kwenye ajenda mara moja tu, kwa Rwanda na kwa Kongo kuhusu FDLR kwa pamoja, kila mmoja akae nje wakati wa zamu yake. Kitakachopimwa siku hiyo ni ninyi, na nadhani ndiyo sababu haijafika.

La pili ni ripoti. Mwaka 2012 nchi za Maziwa Makuu ziliunda chombo cha pamoja cha kuhakiki matukio ya mpakani, kikawekwa Goma, kikajazwa maofisa wa nchi zote. Lini mlinisomea mimi na mwenzangu wa Uvira ripoti yake hata moja? Kombora lilitoka wapi, askari gani alivuka, saa ngapi. Ripoti ikifungiwa kabatini kila upande hujitengenezea yake, na redio za chuki hazikosi wasikilizaji. Ukitaka kujua, waulize Banyamulenge, Watutsi wa Kongo, wanavyotazamwa sokoni asubuhi ya siku ambayo mji umeanguka. Itangazwe. Kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ambayo askari wa pande zote humwambia raia "simama hapo".

La tatu nalisema kwa Mheshimiwa Ndayishimiye na Mheshimiwa Kagame, kwa sababu hapo ndipo mchanga unapokusanywa sasa. Mpaka wenu umefungwa tangu Januari 2024, baada ya waasi wa Burundi wa RED-Tabara kuua watu karibu na Gatumba na Burundi kusema Rwanda ndiyo inayowalea, jambo ambalo Kigali ilikana. Kwenye vita vya Uvira askari wa Burundi walikuwa upande mmoja na M23 upande wa pili, na Desemba makombora yalidondoka Cibitoke huku wakimbizi wakivukia Bugarama, upande wa Rwanda. Nchi mbili za Jumuiya moja zinagusana kidole kwa kidole katika bonde la Rusizi, na sijasikia kikao kimoja kilichoitishwa kwa ajili yao peke yao. Ikiwaka pale, Bujumbura iko karibu na Uvira kiasi kwamba taa za mji mmoja zinaonekana mwingine, na sisi Kigoma tutajua kabla ya Arusha kujua. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya watu wa Kivu. Waliozaliwa humo wanazaa humo.

Na jambo dogo, ambalo kwenu labda ni la mameya. Goma na Gisenyi ni mji mmoja uliokatwa na kizuizi. Wanawake walikuwa wakivuka asubuhi na nyanya, wakarudi jioni na mchele, makumi ya maelfu ya watu kwa siku, kwa karatasi ndogo tu. Hata Jumuiya ya Kiuchumi ya Maziwa Makuu, ile ya mwaka 1976 ya Zaire, Rwanda na Burundi, iliweka makao yake Gisenyi. Kila mnapopimana, kitu cha kwanza kufungwa ni kizuizi kile, kisha uwanja wa ndege, kisha benki. Uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025. Oktoba mkutano wa Paris ukatangaza utafunguliwa kwa ndege za misaada, na wenye bunduki pale wakasema hakuna aliyewauliza. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, kwamba njia za wachuuzi na za dawa hazihesabiwi katika mchezo. Mkigombana, gombaneni, lakini nyanya zipite.

Waheshimiwa, methali ya tembo na nyasi naomba msitusomee tena kwenye hotuba za rambirambi. Tembo hana Ibara ya 148.

Mzigo wangu wa chumvi uko Kibirizi, magunia arobaini, umefunikwa turubai kwa sababu mvua za mwaka huu hazina adabu. Nahodha anasema atavuka Jumamosi kama mwenzangu wa Uvira atapokea simu. Jana iliita mpaka ikakatika. Leo nitapiga tena jioni, mtandao ukitulia.

Wenu,
Mfanyabiashara wa Soko la Mwanga, Kigoma